Mnapenda Kidani, Mnamdharau Sonara

Wasee, leo nataka tuongee kuhusu mapambo ya Nepal. Tulieni, mtaona mbona.

Wengi wetu tulianza kuifuatilia hiyo nchi Septemba 2025. Kabla ya hapo Nepal kwetu ilikuwa Mlima Everest, mwisho wa hadithi. Halafu tukaona vijana wa rika letu wamejaa barabara za Kathmandu, serikali imefunga mitandao ya kijamii, bunge linawaka, na tarehe 9 waziri mkuu K.P. Sharma Oli anajiuzulu. Sisi wa Juni 2024 tulitazama zile video tukasema hawa ni ndugu zetu kabisa. Na mnakumbuka kilichowakasirisha. Mbali na ufisadi na ukosefu wa kazi, kulikuwa na video za watoto wa wanasiasa wakijigamba na mikoba na saa za bei ya kushtua, wakati wenzao wanapanga foleni uwanja wa ndege kwenda kutafuta riziki Uarabuni.

Tangu wakati huo simu zetu zimeamua kwamba tunapenda Nepal. Ukifungua, unaletewa bibi harusi aliyevaa nyekundu, shingo imejaa shanga na dhahabu. Ukishusha kidogo, mzee ameinama juu ya moto anagonga kitu kidogo kama punje ya mahindi. Komenti ni zile zile: moto! Nipate wapi hiyo? Hiyo itanitoka fiti na rinda langu la krisimasi.

Sina shida na mtu kupenda kitu kizuri. Mimi mwenyewe napenda bangili kuliko chakula. Lakini nimesoma kuhusu haya mapambo kwa miezi kadhaa sasa, na kuna jambo ambalo hakuna video inayokuambia. Huko Nepal pambo linaheshimiwa mpaka linakuwa takatifu, halafu mkono uliolitengeneza, kwa karne nyingi, ukaitwa uchafu. Na sisi huku, na likes zetu na oda zetu, tunaelekea kufanya vivyo hivyo kwa mtindo mpya. Tunachukua kizuri, tunamfuta mtu.

Msimamo wangu ni huu: kama humheshimu fundi, usiniambie unaheshimu utamaduni. Wacha nieleze.

Kwanza, haya mapambo yanaongea. Siyo maneno ya kuuza. Kwa jamii nyingi za Kihindu za Nepal, mwanamke aliyeolewa huvaa pote, yaani nyuzi nyingi za shanga ndogo za kioo, mara nyingi nyekundu au kijani. Siku ya harusi bwana ndiye humvalisha, pamoja na kumpaka sindura, ile poda nyekundu ya utosini. Katikati ya hizo shanga hutungwa tilhari, kimrija cha dhahabu chenye mistari iliyochongwa kwa kugongwa. Ukimwona mama barabarani Kathmandu na tilhari shingoni, huhitaji kuuliza kama ameolewa. Ikifika sikukuu ya Teej, wanawake wanapofunga na kucheza, barabara nzima inakuwa nyekundu na kung'aa.

Sasa sikiza hii. Karibu na Indra Chowk katikati ya Kathmandu kuna soko la pote. Vibanda vidogo, shanga zinaning'inia kama mvua ya rangi. Wauzaji wengi pale ni Waislamu ambao familia zao zimekaa huo mji kwa vizazi. Muislamu anamtungia Mhindu alama ya ndoa yake, na hakuna mtu anashangaa. Na shanga zenyewe? Nyingi zimetoka mbali, Ucheki na Japani. Zile za Ucheki ni ndugu wa zile ambazo mama wa Kimaasai anatunga kule Kajiado na Narok. Kwa hivyo mtu akikuambia utamaduni halisi ni ule usioguswa na biashara ya nje, mwambie apunguze. Shanga ilisafiri. Maana ilizaliwa pale ilipofika.

Ukipanda milimani kwa Washerpa na jamii nyingine za Kibudha, lugha inabadilika. Kule utaona gau, kisanduku kidogo cha fedha kinachovaliwa shingoni, ndani kuna sala iliyoandikwa au kitu kitakatifu. Watu wa Pwani hamhitaji tafsiri, hiyo ni hirizi. Kando yake kuna feruzi na marijani nyekundu. Fikiria kidogo: Nepal haina bahari hata tone, lakini marijani ni kitu cha bahari. Kwa karne nyingi ilitoka Mediterania, ikabebwa na wafanyabiashara mpaka juu Himalaya. Na kuna dzi, jiwe la akiki lenye mistari na macho, ambalo familia hurithishana na kuamini linakinga na mabaya.

Ukishuka tambarare za kusini kwa Watharu, utakutana na mikufu ya sarafu za fedha, zikiwemo rupia za enzi za Mwingereza kule India. Rupia hizo hizo za India zilitumika hapa kwetu mpaka 1920. Babu zetu walizilipia kodi, bibi zao wakazivaa shingoni. Mashariki ya vilima, kwa Walimbu na Warai, na pia kwa Wamagar, Wagurung na Watamang, kuna bulaki, pambo la dhahabu linaloning'inia kutoka katikati ya pua mpaka juu ya mdomo. Dada wa Lamu wanaojua kipini na hazama watakuwa nyumbani kabisa.

Halafu kuna akiba. Kwa mwanamke wa kijijini ambaye shamba limeandikwa jina la mume au baba mkwe, dhahabu iliyo mwilini ndiyo mali yake. Inapimwa kwa tola, na tola moja ni kama gramu 11.66. Mtoto akiugua usiku, bangili inaenda. Karo ikikwama, hereni zinaenda. Wenye kusema wanawake wa huko wanapenda kung'aa tu hawajawahi kuona mama akivua pambo lake moja moja ili nyumba isimame.

Sawa. Mpaka hapo kila mtu anakubali, ni utamaduni, ni urembo, ni akiba. Sasa tuje kwa fundi.

Kwa jamii nyingi za vilima, anayefua dhahabu na fedha anaitwa Sunar. Kazi yake siyo mchezo. Anayeyusha dhahabu kwenye moto wa makaa, anapuliza kwa mrija mwembamba ili mwali uende pale anapotaka. Anagonga mpaka inakuwa bati jembamba kama jani. Analichora kwa patasi ndogo ndogo, analiviringisha kuwa mrija, analiunga bila kuonyesha mshono. Vito vingi vina uwazi ndani, na fundi huujaza lakiri ili visibonyee. Hakuna sehemu unaweza kukimbia. Ukizidisha moto sekunde chache, kazi ya siku mbili inakuwa tone.

Huyu fundi, mwaka 1854, sheria iliyoitwa Muluki Ain, iliyotungwa chini ya mtawala Jang Bahadur Rana, ilimweka chini kabisa. Sheria hiyo ilipanga Wanepali wote kwa matabaka ya kuzaliwa. Jamii za mafundi wa chuma na dhahabu zikawekwa pamoja na wasioguswa. Maji waliyoyagusa hayanyweki. Mtu wa tabaka la juu akigusana nao, lazima ajisafishe.

Ajisafishe na nini? Hapa ndipo niliposimamisha kusoma nikaenda kutembea kidogo. Anajinyunyizia sunpani. Maana yake ni maji ya dhahabu, maji yaliyoguswa na kipande cha dhahabu, kwa sababu dhahabu ni safi na inasafisha.

Soma tena polepole. Sonara anatengeneza pete. Unaivaa pete. Ukimgusa sonara kwa bahati mbaya, unachovya pete yake kwenye maji, unajinyunyizia, unakuwa msafi tena. Dhahabu iliyopita mikononi mwake usiku kucha ndiyo inakuosha mkono wake. Sijawahi kuona ukatili uliopangwa vizuri kama huo.

Mtasema hiyo ni zamani. Ni kweli sheria ilibadilika. Mwaka 1963 sheria mpya iliondoa ubaguzi huo kwenye vitabu. Mwaka 2011 ikapitishwa sheria ya kuufanya kosa la jinai, na katiba ya 2015 ikaurudia marufuku. Kwenye makaratasi kila kitu kiko sawa, na sisi Wakenya tunajua vizuri umbali kati ya karatasi na mtaa.

Mei 2020, kijana wa miaka 21 alienda na marafiki zake kijiji kimoja cha wilaya ya Rukum Magharibi kumchukua mpenzi wake ili waoane. Msichana alikuwa wa tabaka la juu. Kijana alikuwa wa jamii ya Bishwakarma, jina linalobebwa na jamii za wahunzi na masonara. Jina lenyewe linatokana na Vishwakarma, mungu wa mafundi katika dini ya Kihindu. Umati uliwashambulia kwa mawe na kuwafukuza mpaka mto Bheri. Vijana sita walikufa. Mwaka 2023 mahakama ya wilaya iliwahukumu zaidi ya watu 20 kifungo cha maisha.

Alikuwa na miaka 21. Rika letu. Alipenda. Hiyo ndiyo ilikuwa kosa.

Sasa fikiria harusi ya familia yoyote ya kijiji kile. Bibi harusi atavaa dhahabu. Nani ameifua? Watu wa jina gani? Wanaruhusiwa kukaa wapi siku ya sherehe?

Kabla hatujaanza kuwaonyesha Wanepali kidole, tujiangalie. Wamaasai walikuwa na wahunzi wao, Il-kunono. Hao ndio waliofua mikuki na sime, vitu ambavyo bila hivyo hakuna moran. Na Wamaasai wengine hawakuoa kwao wala kuwaozesha. Mkuki ulipewa sifa kwenye nyimbo, aliyeufua akaepukwa. Himalaya na Bonde la Ufa ni mbali sana, lakini akili ni ile ile.

Na leo? Leo tunasema "hiyo ni ya jua kali" tukimaanisha hiyo ni mbovu. Kijana akikosa alama za chuo kikuu tunamwambia kwa huruma aende tu politekniki, kama vile tunampeleka mazishini. Mimi niliacha chuo, mnajua, na watu ambao hawajui hata natengeneza nini hunitazama kama kitu kilichoharibika. Kwa hivyo haya maneno ya mikono yenye akili na akili isiyo na cheti yananigusa, sitajificha. Lakini hata ukiwa na digrii tatu, jiulize ni lini mara ya mwisho ulimuuliza fundi jina lake.

Kuna watu wataniambia, lakini si mafundi wote wa Nepal walidharauliwa. Ni kweli, na hii ni muhimu. Kwenye Bonde la Kathmandu kuna Wanewar, na miongoni mwao koo za Shakya na Bajracharya ni mafundi wa dhahabu, fedha na shaba, na wakati huo huo ni watu wa heshima wa dini ya Kibudha. Bajracharya ndio makuhani wenyewe. Ukienda Patan, mji ambao pia unaitwa Lalitpur, nyumba zao za ibada na karakana zao ziko pamoja. Mtu anafua sanamu asubuhi, anaongoza sala jioni.

Kutoka Patan hiyo alitoka Arniko, aliyezaliwa karibu 1245. Akiwa bado kijana mdogo, mwaka 1260, aliongoza mafundi 80 kwenda Tibet kujenga stupa ya dhahabu. Kazi yake ikamfikisha mpaka kwa Kublai Khan, mfalme wa Wamongolia aliyetawala China. Ile stupa nyeupe kubwa iliyoko Beijing, iliyokamilika 1279, ni yake. Leo barabara kuu kutoka Kathmandu kwenda mpaka wa China ina jina lake.

Kwa hivyo ndani ya nchi moja, dhahabu ile ile, moto ule ule, nyundo ile ile, mmoja ni kuhani na mwingine hagusiki. Hiyo inakuonyesha kitu kimoja tu. Uchafu haukuwahi kuwa kwenye kazi. Watu waliamua. Na kile ambacho watu waliamua, watu wanaweza kukiamulia upya.

Nirudi kwa dada zangu, kwa sababu najua kuna swali mnalo tangu nilipotaja pote. Mwanamke anavaa alama ya ndoa shingoni, puani na utosini. Mwanamume anavaa nini? Hakuna. Na mume akifa, kwa desturi ya familia nyingi za Kihindu, mjane alivuliwa pote, akavuliwa bangili, akakatazwa nyekundu. Pambo lilelile lililomkaribisha ndio lilitumika kumtangazia dunia kwamba bahati yake imeisha. Kwa hivyo mbona tulilie hiyo kitu ikipotea? Si ife tu?

Hoja hiyo ina nguvu na siwezi kuipuuza. Lakini angalieni wanawake wa Nepal wenyewe walifanya nini. Mwaka 1994 Lily Thapa, ambaye ni mjane, alianzisha shirika la Women for Human Rights. Walikataa neno la zamani la kuwaita wajane, lenye matusi ndani, wakachukua ekal mahila, yaani mwanamke aliye peke yake. Wakahimizana kuvaa rangi tena, hata nyekundu. Hawakusema tupa shanga. Walisema hizi shanga ni zangu, na kifo cha mtu hakiwezi kunivua.

Na Wanewar walishapata njia yao ya kuizunguka hiyo shida zamani sana. Msichana wa Kinewar, kabla ya kubalehe, hufanyiwa sherehe inayoitwa ihi. Anaozwa kwa mungu, na tunda la bel linakuwa pale kama alama ya ndoa hiyo. Anavalishwa kama bibi harusi, dhahabu kichwani na shingoni. Kwa kuwa mume wake wa kwanza ni mungu, na mungu hafi, basi yule msichana hawezi kuwa mjane maishani mwake, hata bwana wa kibinadamu akifa. Unaweza kubishana na sherehe yenyewe, mtoto ni mtoto. Ila usiseme hawa watu hawakufikiria.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wa kusema mila zote ni minyororo, na sikubaliani na wale wa kusema mila isiguswe. Pambo ni kama neno. Linaweza kutumika kubariki na linaweza kutumika kutukana. Ukitaka kubadilisha maana yake, lazima kwanza neno liwepo, na mwenye kulitamka awepo. Fundi akiacha kazi, hakuna cha kubadilisha tena. Kinabaki kioo cha makumbusho.

Na mafundi wanaacha, hiyo ndiyo habari mbaya. Pesa zinazotumwa nyumbani na Wanepali walio nje ni takriban robo ya uchumi wa nchi yao. Waliotuma ni vijana. Wako Qatar, Saudia, Imarati, Malaysia. Kama una binamu aliyeenda kuwa mlinzi Doha, muulize analala chumba kimoja na nani. Kuna uwezekano mkubwa kuna Mnepali kwenye kitanda cha juu. Sasa kijana wa familia ya Sunar anapiga hesabu: nikae hapa miaka mingi nijifunze kazi ambayo watu bado wananiangalia vibaya kwa sababu yake, au niende nikalinde jengo nilipwe kila mwezi mahali ambapo hakuna anayejua tabaka langu? Hata mimi ningeenda. Siwezi kumlaumu.

Halafu anarudi na zawadi. Mkufu wa dhahabu kutoka Dubai, umetengenezwa kwa mashine, unang'aa, kila pete ya mnyororo sawasawa na mwenzake. Mama anaupenda kwa sababu mwanawe ameutoa jasho. Na hapo tilhari ya mzee Sunar wa kijiji inapoteza mteja mwingine. Dhahabu nayo imepanda bei mpaka familia nyingi zinanunua kidogo au zinavaa za rangi tu. Hakuna mtu mbaya kwenye hiyo hadithi. Kila mtu anafanya hesabu yake sawa, na ufundi unakufa katikati ya hesabu sawa.

Upande mwingine kuna wale wanaopenda ufundi kupita kiasi, mpaka wanauhamisha. Kwenye jumba la makumbusho la Art Institute of Chicago kuna kidani cha shaba kilichopakwa dhahabu na kupambwa kwa mawe, cha karne ya 17. Maandishi yaliyochongwa juu yake yanasema kilitolewa na mfalme Pratap Malla kwa mungu wa kike Taleju. Hekalu la Taleju la Kathmandu hufunguliwa kwa waumini wa kawaida siku moja tu kwa mwaka, wakati wa sikukuu ya Dashain. Yaani Mnepali anayemwabudu Taleju anasubiri mwaka mzima kukanyaga pale. Lakini mtalii yeyote wa Chicago mwenye tikiti alikiona kidani chake akipitapita. Mwaka 2021 Sweta Gyanu Baniya, msomi wa Kinepali anayefundisha chuo kikuu Marekani, alisimama mbele ya kile kioo akalia, akaweka video mtandaoni. Tangu hapo Wanepali wamekuwa wakikidai.

Na mimi nawaunga mkono asilimia 100. Kitu cha madhabahu si kitu cha kabati. Sisi wenye vigango vya Wamijikenda vilivyong'olewa vikauzwa ng'ambo tunajua huo uchungu.

Lakini angalia kitu kingine. Kwenye habari zote nilizosoma kuhusu kile kidani, jina la mfalme liko. Jina la mungu liko. Jina la familia tajiri iliyokikusanya liko. Fundi hayuko. Kuna mtu alikaa miezi juu ya ile shaba, akapanga kila jiwe, akavuta moshi wake, na miaka zaidi ya 350 baadaye tunagombania kazi yake bila kumtaja.

Kwa hivyo mnauliza, sasa sisi wa Nairobi tufanye nini, twende Kathmandu? Hapana. Ila kuna vitu viko ndani ya uwezo wetu.

Ukiona pambo la Nepal linauzwa mtandaoni, soma maelezo. Kama yameandika tu "la Himalaya, la mkono, la kiroho", bila mji, bila jamii, bila karakana, hayo ni maneno ya kuuzia. Tilhari ina jina. Gau ina jina. Patan ina ramani. Muuzaji asiyejua anachouza hajakaa na aliyekitengeneza.

Usivae gau kama kidude cha sherehe. Ndani kuna sala ya mtu. Kama huwezi kuvaa hirizi ya bibi yako klabu, usivae ya bibi wa mwingine.

Ukiambiwa bei, usianze kupiga nusu kwa mazoea. Hii nawaambia hata nyinyi wa Maasai Market Jumamosi. Mtu anayeomba discount kwa mama wa shanga halafu analipa kahawa ya mia tano bila kupepesa jicho, huyo ndiye mwenye kununua sunpani. Anataka usafi wa kitu, hataki mkono.

Na nyinyi wenzangu tunaotengeneza video, tuache tabia ya kupiga picha mikono bila uso. Mnajua ile video: vidole vinatunga shanga, muziki laini, mwanga wa jua, hakuna sauti ya mtu. Inapendeza, inapata watazamaji. Lakini fundi ana mdomo. Muulize jina, na kama atakubali liandike. Muulize alifunzwa na nani, na anataka mtoto wake aifanye hiyo kazi ama hataki, na mbona. Jibu lake la mwisho ndilo litakuambia kama huo utamaduni uko hai.

Septemba ile vijana wa Nepal waliuliza swali moja kubwa: kwa nini wanaong'aa si wanaofanya kazi? Waliwauliza wanasiasa na watoto wao. Nadhani swali hilo hilo linafaa kuulizwa kila mahali ambapo kuna kitu kinang'aa. Lianzie kwa shingo yako. Hicho ulichovaa sa hii, kimetengenezwa na nani?

Andika jibu kwa komenti. Kama una jina, weka jina. Kama huna, kesho nenda ukaulize.